Kilemba cha Fundi wa Milango

Tulimwita Fundi. Mtaa wetu wa Kanyenye mjini Tabora ulikuwa na mafundi wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa saa, wa mabati, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu alikuelekeza kwenye kibanda kimoja kilichoezekwa kwa madebe, pembeni mwa njia ya kwenda sokoni. Humo mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya viua iliyofubaa, alikuwa akitengeneza milango. Hakutengeneza vitanda wala viti. Ukimpelekea habari za kabati alikwambia nenda kwa fulani, na huyo fulani alikuwa amefundishwa na Fundi mwenyewe.

Nilifanya kazi kwake miaka, nikaendelea kumjua miaka mingi zaidi, na mpaka leo sijui alizaliwa wapi. Tulipomuuliza alisema alifika Tabora kwa miguu, basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Ninaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, anastahili. Pili, mimi ndiye niliyemfanya aache kuiamini mikono yake. Nitafika huko. Yeye mwenyewe hakupenda haraka, na safari hii nitamsikiliza.

Mdomo wake ulikuwa mchafu na mikono yake safi. Kabla ya kuugusa mlango uliokwisha alinawa, akajifuta kwa kitambaa chake, kama mtu anayekwenda kula kwa wakwe. Lakini randa ikigonga kifundo cha mti, maneno yaliyomtoka hayaandikiki. "Mwanaharamu wewe, umejificha humu tangu lini?" Halafu papo hapo, kwa sauti ya chini, "Astaghfirullah." Mwalimu wa madrasa ya jirani alituma mtoto kumwomba apunguze sauti, kwani wanafunzi walikuwa wanasikia. Fundi akamrudisha na jibu: "Mwambie naye aje arande mninga wenye kifundo, tuone atasoma dua gani." Ijumaa walikaa safu moja msikitini, bega kwa bega, na hakuna aliyekumbuka ugomvi.

Wateja pia hakuwabembeleza. Siku moja alikuja mfanyabiashara wa duka la vitambaa, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Tabora tangu enzi za misafara. Alitaka mlango wenye nakshi kuanzia juu mpaka chini, na alitaka uwe tayari kabla ya arusi ya binti yake.

"Nakshi nitakuwekea, Sheikh," Fundi alisema. "Lakini niambie kwanza. Mlango huu unataka kuutazama au kuufunga?"

"Vyote viwili."

"Basi ngoja mvua mbili."

"Mvua mbili! Binti yangu ataolewa na kuzaa!"

"Mjukuu atauona mlango mzuri."

Yule mzee alicheka mpaka akaketi juu ya gogo. Alingoja. Mlango ule upo hadi leo, na mjukuu ni mtu mzima mwenye ndevu.

Hayo mambo ya mvua mbili ndiyo yaliyokuwa dini yake ya pili. Mbao za mninga zilifika kutoka msituni zikiwa bado na maji ndani, nzito, zenye harufu kali. Fundi alizisimamisha ndani ya banda, akizitenga kwa vijiti ili hewa ipite, kisha akaziacha. Mvua za mwaka zikishakatika alishika chaki akapita ubao mmoja mmoja, akipiga mstari mmoja kichwani mwa kila ubao. Ubao wenye mstari mmoja haukuguswa. Wenye mistari miwili uliruhusiwa kukutana na msumeno. Alisema "huyu" na "yule," kana kwamba ni watu. "Huyu ana mvua moja, mwacheni alale."

Hakujua kusoma wala kuandika. Mistari ile ndiyo maandishi pekee aliyoyaandika maishani mwake, na aliyaandika kwa makini, akianzia chini kwenda juu. Nilimuuliza kwa nini asianzie juu kama watu wengine. Alinitazama kwa huruma. "Mti umeuona wapi ukiota kuanzia juu?"

Mimi nilianza kwake mwaka uliofuata uhuru, nikiwa kijana niliyemaliza darasa la nane na kukosa nafasi ya kuendelea. Nilijiona msomi. Fundi hakuuona huo usomi. Miezi ya mwanzo nilifagia maranda na kunoa patasi. Kisha yakaja mafunzo yake yaliyonichosha kuliko yote: alinifumba macho kwa kitambaa, akaniwekea vipande viwili vya mbao mikononi, akauliza kipi kina maji zaidi. Ilinibidi kuvipima, kuvinusa, kuviweka shavuni.

"Hiki cha kushoto, Fundi."

"Kafagie."

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. "Macho yanadanganywa na rangi," alisema, "mkono haudanganyiki kirahisi." Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata mara tano mfululizo bila kukosea. Siku hiyo aliniambia, "Haya, kanywe chai." Sikuwahi kusifiwa zaidi ya hapo, na sikumbuki chai tamu kama ile.

Nyumbani simba huyu alikuwa paka. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa mwanamke mfupi, mnene, asiyepaza sauti. Fundi alikuwa akisema useremala si kazi ya wanawake, na akilisema hilo alihakikisha kwanza Mama hayupo karibu. Lakini hakuna mlango uliotoka bandani bila kupita kwake. Tuliutundika kwenye fremu ya majaribio, Mama akaja na ndoo ya maji kichwani, mikono yote miwili imeishika ndoo, akausukuma mlango kwa nyonga. Ukifunguka bila maji kumwagika, umepita. Ukigoma, tunaanza upya. "Mwenye mikono mitupu hafungui mlango kwa shida," Fundi alituambia. "Nyinyi mtengenezeeni aliyebeba."

Baada ya Mama ilikuja zamu yake. Aliufungua mlango nusu, akauachia, akarudi nyuma hatua tatu na kuutazama. Mlango uliotundikwa sawasawa hukaa pale pale ulipoachwa. Ukijisogeza wenyewe, hata kidole kimoja, basi mwimo, ule mti wa pembeni wa fremu, umeinama au bawaba hazikulingana. Alitupeleka siku moja kuona mlango wa nyumba kuukuu Kanyenye, uliotundikwa na mafundi waliofuatana na misafara kutoka pwani. Ukuta ulikuwa umeanza kubomoka na nakshi zimeliwa na jua. Fundi aliusukuma nusu, akauachia. Ukakaa. Akavua kofia. Sikuwahi kumwona akiivua kwa ajili ya mtu.

Kutundika ndicho kilikuwa kitu cha mwisho alichofundisha. Ukishaweza, siku inapangwa, majirani wanaitwa, kunakuwa na kahawa na halua. Mwanafunzi huja na kitambaa cheupe akamfunga mwalimu wake kilemba kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Fundi huomba dua, na kuanzia hapo mwanafunzi ana ruhusa ya kutundika mlango kwa jina lake. Nilishuhudia wenzangu watatu wakifanya hivyo. Wa tatu alilia, na Fundi akamwambia asiloweshe kitambaa.

Mimi sikufika huko. Ujamaa ulipopamba moto tuliambiwa maseremala waungane, na ushirika ukaanzishwa mtaa wa Isevya. Wengi walidhani Fundi angekataa. Alikuwa wa kwanza kuingia. Aliondoka Kanyenye na mkokoteni uliobeba mbao zake zote, randa zake, juba zake za kutoboa mbao, hata fremu ya majaribio. "Nimechoka kugombana na vifundo peke yangu," alisema, na nadhani alimaanisha. Alifurahi kuona watu ishirini wakiranda chini ya paa moja.

Walihitaji katibu anayejua kuandika, wakanichagua mimi. Nilibakiza mwaka mmoja wa mafunzo. Lakini nilikuwa na muhuri, meza na kiti, na mwalimu wangu sasa alikuwa mwanachama ambaye jina lake nililiita kwenye orodha. Nikaona habari za kilemba ni za kizamani. Hayo ndiyo niliyoyaona, siyapambi.

Kisha ikaja kazi ya kijiji kipya upande wa Choma. Shule na zahanati zilikuwa zimejengwa na wageni wakubwa wangekuja kufungua, siku imeshatangazwa. Walitaka milango tisa. Mbao zenye mistari miwili zilitosha mitano.

"Tupeleke mitano," Fundi alisema. "Mingine mvua zikishapita."

"Sawa, Fundi," nilijibu.

Ijumaa ile wenzangu walipokwenda msikitini nilibaki, nikasema nina barua za kumalizia. Kulikuwa na jua kali na utulivu. Nilichukua chaki, nikaenda kwenye mbao zenye mstari mmoja, nikaongeza wa pili. Haikunichukua hata dakika tano. Walipotoka kusali nikamwambia zimepatikana mbao nyingine huko nyuma, zilisahaulika.

"Zilisahaulika?" aliuliza.

"Zilisahaulika, Fundi."

Siku hizo vijana ndio waliopasua na kuranda, yeye akiunga na kutundika tu. Hata hivyo alichukua ubao mmoja. Akaupima mikononi, akaunusa, akauweka shavuni. "Huyu mzito," alisema. Akageuza kichwa cha ubao akatazama chaki. Mistari miwili. Akautazama muda mrefu, akaupima tena. Halafu akatabasamu, kama mtu aliyefumaniwa na umri.

"Basi mimi ndiye ninayezeeka," alisema.

Nami nikacheka. Nimefanya mengi ya kijinga maishani, lakini kicheko kile ndicho ninachokisikia mpaka leo.

Milango ilitundikwa kiangazi, wageni wakapiga makofi. Kabla mwaka haujaisha ile minne ilikuwa imepinda. Mvua zilipoanza, wa zahanati ulivimba ukang'ata fremu. Alifika mama mmoja kutoka mashambani, mtoto mgongoni anachemka homa, mvua inawapiga. Mganga alikuwa ndani anasukuma, watu wako nje wanavuta, mlango haufunguki. Ikabidi wauvunje kwa shoka. Mtoto alipona, na namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Mwenyekiti wa kijiji alipanda basi mpaka Tabora, akaingia kwenye mkutano wetu, akaweka kipande cha mlango ule juu ya meza yangu.

"Nani alichagua mbao hizi?" aliuliza.

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Fundi alisimama polepole.

"Ni mimi," alisema. "Nilizishika mwenyewe."

Nikaandika kwenye daftari la mkutano: Fundi amekiri. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kila mtu alikuwa akiusifu.

Hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe siku ya pili, amechukua kofia yake na kipande kimoja tu cha mbao kutoka kwenye mabaki, akaviacha vifaa vyake vyote. Hakutengeneza mlango tena. Kibandani Kanyenye alichonga mipini ya majembe. Watu walisema uzee umemfika, wakasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mara moja nilimwona sokoni ameshika viazi viwili, kimoja kila mkono, anamuuliza muuzaji kipi kizito. Yule muuzaji alidhani mzee anamtania. Mimi nilijua hatanii, nikapita upande mwingine wa njia.

Miaka ikaenda. Ushirika ulikufa polepole kama ulivyokufa mwingine mwingi. Nilifungua karakana yangu Isevya, nikapata wateja, nikapata vijana wa kufundisha. Nao waliniita Fundi. Nilijifundisha kutundika kwa kukosea, na kila nilipoufungua mlango nusu na kuuachia nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu. Mgongo ukaanza kuuma, nywele zikaanza kuwa nyeupe. Vijana wangu walipokaribia kumaliza niliahirisha kilemba, nikitoa sababu moja baada ya nyingine, maana ningepokeaje kitu ambacho sikuwahi kukitoa?

Aliyekata shauri hilo ni Mama. Alikuja karakanani asubuhi moja, mwezi mmoja hivi kabla ya mvua, amekonda, anatembelea fimbo. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba, akakataa kiti.

"Mwanangu, fundi wako haoni vizuri siku hizi," alisema. "Unangoja afe ndipo uje na sanda?"

Akageuka akaondoka.

Nilinunua kitambaa cheupe, kizuri kuliko vyote nilivyoviona, nikaenda Kanyenye siku hiyo hiyo. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni, miguu ameinyoosha juani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Katibu huyo."

Karibu miaka kumi, na bado aliijua sauti yangu. Nilipiga magoti nikaweka kitambaa mbele yake. Alikipapasa, akajua ni nini, akarudisha mkono wake mapajani.

Nikamwambia. Nilianza na Ijumaa ile, na barua nilizosema namalizia, na chaki. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini yalitoka machache. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Kwa hiyo mikono yangu ilisema kweli?"

"Ilisema kweli, Fundi. Ni mimi niliyeikanusha."

Alivuta pumzi ndefu. Akaiinua mikono yake miwili, ikiwa imekauka, akaitazama kwa macho yake yale yasiyoona vizuri. Mama alikuwa amesimama ndani, nyuma ya pazia. Nilimsikia akilia.

Fundi alimwita alete ubao. Kilikuwa kipande kile alichoondoka nacho kwenye ushirika. Kichwani kilikuwa na mistari ya chaki kumi na mmoja. Kila mvua zilipokatika, miaka yote hiyo, alikuwa akiongeza mmoja.

"Huu wa pili," alisema, akiugusa bila kukosea, "unaanzia juu. Niliuona jioni ile ile ya mkutano. Unene uko juu, mkia uko chini. Nikasema labda mkono wangu nao umepotea. Nikasema labda ni yeye. Sikuwa na hakika, na mtu wa kuniambia alikuwa mmoja tu."

Akalowesha kidole gumba kwa mate, akaufuta mstari wa pili. Akasugua mpaka pale pakawa patupu.

"Nipokee kilemba, Fundi," nilisema. "Nakuomba."

"Bado. Umebakiza mvua moja. Ile uliyoiandika haikunyesha." Akanirudishia kitambaa. "Uende Choma ukawatengenezee mlango. Ukawaambie watu wale, kwa mdomo wako, mbele ya mwenyekiti wao. Mvua zikishakatika urudi."

Masika yale yalikuwa marefu. Katikati yake Fundi aliugua, akalazwa, na wenzangu walinijia. Peleka kilemba, wakasema, mzee hafiki mwisho wa mwezi. Nilikitoa kitambaa sandukuni mara mbili, nikakirudisha mara mbili. Nilimtembelea hospitali mikono mitupu, nikamwosha miguu, nikamlisha uji, na hatukutaja jambo hilo. Nilikuwa na hofu kila siku. Lakini kwenda na kilemba kabla ya wakati kungekuwa kuchukua chaki ile tena.

Akatoka hospitali. Mvua zikakatika. Nilipakia kwenye lori mlango wa mninga wenye mvua tatu, nikaenda Choma. Mwenyekiti alikuwa bado ni yule yule. Nilimsalimu mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, akaitisha watu, nami nikasimama mbele ya zahanati yao nikawaambia ni nani aliyewatengenezea mlango mbovu, na ni nani aliyebeba lawama. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja alinyanyuka, akanionyesha binti mrefu aliyekuwa pembeni yake. "Ndiye huyu aliyekuwa mgongoni," alisema, akaketi. Niliutundika mlango.

Nilirudi Kanyenye Alhamisi asubuhi. Kahawa ilikuwa jikoni, halua kwenye sahani, na majirani wanane wamekaa, akiwamo mwalimu wa madrasa. Sikuwa nimemwita hata mmoja wao. Mama alikuwa amewaita.

Fundi aliegemezwa kwa mito.

"Mvua imekatika?"

"Imekatika, Fundi. Wiki ya pili sasa."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Mlango?"

"Niliufungua nusu nikauachia."

Alingoja. Wote walingoja.

"Ulikaa, Fundi. Ulikaa pale pale."

Akaomba chaki. Nilimshikia ubao, akapapasa mpaka akapata mahali pa mwisho, akapiga mstari kuanzia chini kwenda juu, akipumzika katikati. Kisha akavua kofia yake akainamisha kichwa.

Nilikuwa sijawahi kumfunga mtu kilemba, na nilikosea mara mbili. Mama akaniambia nianze upya, nikaanza upya. Machozi yalikuwa yananitoka bila aibu.

"Usiloweshe kitambaa," Fundi alisema.